Lugha Isiyo na Mama

Polisi walipoingia kichochoroni, Bachittar Singh alikuwa amezamisha mikono yake katika beseni la rangi nyekundu hadi viwikoni, na aliposikia walichokuwa wakiuliza akaamua kutoitoa.

Walikuwa wawili, mmoja mnene na mmoja wa bunduki. Yule mnene alishika kitambaa cha kijani na kukitandaza mbele ya kila duka. "Nani kakitia hiki rangi?" Alianza kwa mzee Naranjan pale mwanzo wa kichochoro. Mzee akakisogeza karibu na macho, akakigeuza, akakinusa, akasema hajui. Wakaja kwa ndugu wawili wa duka la pili. Nao hawajui. Waongo wote! Sisi watia rangi tunajuana mikono. Mtu akikuletea kilemba alichokitia rangi jirani yako, unamtambua jirani kabla kilemba hakijakunjuliwa: huyu huchelewa kutia chumvi, yule hukamua kwa pupa akaacha mawimbi. Kijani ile ilikuwa imelala sawasawa toka pindo hadi pindo, na mjini kwetu aliyeweza kijani ya namna hiyo alikuwa mmoja tu. Lakini mwaka ule hapa Punjab nani angesema? Polisi walichukua watu mchana, vijana wa bunduki waliodai nchi ya Masingasinga walichukua watu usiku, na wewe uliyekuwa katikati ulijifunza kusahau majina.

"We Sardar," yule mnene akamwambia Bachittar, kama tunavyoitwa Masingasinga wote. "Njoo ukishike hiki."

"Afande, nikitoa mikono sasa hivi kilemba kitaingia mabaka. Ni cha bwana harusi."

"Kwani kinapikwa hicho?"

"Ndiyo kupikwa kwenyewe, Afande."

Ilikuwa kweli, lakini si kweli yote. Chini ya ule wekundu mikono yake ilikuwa ya kijani. Kijani ni rangi ya fitina, hujificha kwenye kucha na kwenye mistari ya viganja, na hata ukijisugua kwa limau na mchanga haiondoki upesi. Maji yalikuwa yameshuka jikoni muda si mrefu, bado yanafuka. Kwa kawaida mtu hukigeuza kilemba kwa kijiti, anachovya vidole mara moja moja. Bachittar alitulia mle ndani kama mtu aliyepumzika, huku ngozi ikimuwaka, akimtazama yule polisi usoni na kujaribu kupumua kama watu wanavyopumua.

"Mzee mmoja wa Kibaniani," polisi akasema, akiikunja ile kijani taratibu. "Tumemshusha kwenye basi asubuhi hii. Sandukuni ana bendera ya Pakistani. Ebu fikiria! Baniani na bendera ya Pakistani. Tunamuuliza nani kakutengenezea, kafunga mdomo. Haya, mkuu hana haraka. Jioni atakuwa ametaja hata jina la bibi yake."

Wakaondoka. Bachittar akasubiri mpaka viatu vyao havisikiki tena, ndipo akaitoa mikono. Ilikuwa imevimba, na kwenye kucha kijani ilikuwa pale pale.

Mzee huyo tulimjua sote. Alikuwa Mwalimu Hukam Chand, aliyetufundisha hesabu nusu ya mji, mrefu, mwembamba, mbishi wa kutupwa. Ujanani alijifunza kwa posta lugha moja inaitwa Kiesperanto, lugha ambayo mtu mmoja huko Ulaya aliitunga ili watu wote wasiosikilizana wapate pa kukutania. Mji mzima ulimcheka. Aliyeacha kumcheka ni Bachittar, tena mtu aliyeachia shule njiani. Alianza kwa utani tu. Mwalimu alizoea kukaa dukani kwake alasiri, juu ya pipa lililopinduliwa, akimsomesha huku yeye anachovya vilemba, na mwishowe wakawa wanaongea ile lugha wao wawili kama kasuku, sisi tukiwatazama.

Ubishi wao ulikuwa juu ya lugha ipi ni bora.

"Kipunjabi chako ni lugha ya mitego," Mwalimu alikuwa akisema. "Nishushe sauti kidogo, nimesema farasi. Niiache sawa, nimesema mjeledi. Niipandishe, nimesema mwenye ukoma! Mgeni afanye nini? Apande mkoma aende sokoni?"

"Mgeni apande basi, Mwalimu. Wewe unazungumzia mgeni, mimi nazungumzia harusi. Hiyo lugha yako ina neno moja la mjomba. Kaka ya mama, kaka mkubwa wa baba, kaka mdogo wa baba, mume wa shangazi, wote umewatia kapu moja. Nitamketisha nani wapi? Watapigana!"

"Ndiyo faida yake. Wote sawa."

"Wote sawa, na wote wamenuna. Na nyekundu je? Mna nyekundu moja! Mimi nina ya karoti, nina ya komamanga, nina ya ganda la kitunguu, na kila moja ina jina lake tangu kwa babu."

"Basi ziunge. Chukua neno la kitunguu, chukua neno la ganda, tia mkia, umemaliza. Mtu wa Brazili atakuelewa, mtu wa Japani atakuelewa. Hiyo ya babu yako inaishia mtoni."

Hilo la kuunga lilimpendeza sana Bachittar. Yeye mwenyewe alikuwa na makopo matatu tu ya unga wa rangi, na katika hayo alitoa kila kilemba kilichovaliwa wilayani. Alisema Kipunjabi ni kitambaa ulichorithi, kimeshatiwa rangi na kila mtu aliyekupitia, hujui kilianzaje. Kile kingine kimetoka kiwandani jana.

Siku moja tu ndiyo ubishi ulipogeuka. Bachittar alimuuliza, "Mwalimu, mama yako alikubembeleza kwa lugha gani?"

"Kipunjabi. Kwani alijua nyingine?"

"Na kwenye sensa uliandikisha lugha gani?"

Sote tulilijua jibu. Wakubwa wa dini yao walipita nyumba kwa nyumba wakiwaambia Mabaniani wa Punjab waandikishe Kihindi, nasi Masingasinga tukakasirika kwamba wamekana lugha ya mama, na kutokana na hasira hiyo na nyingine nyingi ndipo tulipofika hapa tulipofika.

"Kihindi," Mwalimu akasema mwishowe. "Mtaa wetu wote. Ndiyo maana naipenda hii nyingine, Bachittara. Haina mama. Hakuna wa kumkana."

Mwaka ule majirani wa Mwalimu walihama mmoja mmoja. Mabasi yalikuwa yakisimamishwa njiani na wale vijana wa bunduki, Mabaniani wakishushwa, wakipangwa mstari pembezoni mwa shamba. Mwanawe aliyeko Karnal, nje ya Punjab, akamtumia habari: njoo, usibaki hata wiki. Bachittar akalia, hakujificha. Akataka kumpa zawadi ya kuagana. Watu wa lugha ile wana bendera yao, kijani tupu, kona moja nyeupe, na ndani ya weupe nyota ya kijani. Bachittar akaifunga ile kona kwa uzi wa nta ili rangi isiingie, akaichovya bendera mara mbili na kuianika ndani ya nyumba. Mkewe, Tej Kaur, akashona nyota kwa mkono. Watu wazima watatu, wenye akili zao timamu, mpaka uko pale ambapo jioni unaziona taa za wenzetu wa Pakistani, na hakuna hata mmoja aliyejiambia: jamani, kijani na nyota! Walikuwa wamezama kwenye mapenzi yao ya lugha hata wakasahau wanaishi wapi.

Sasa Tej Kaur alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma. Alikuwa amesikia yote.

"Usiende," akasema.

"Sijasema naenda."

"Nakujua. Usiende. Mtoto wa Joginder alikwenda kituoni kuulizia pikipiki yake tu. Pikipiki! Mpaka leo mama yake anaiacha sahani yake mezani. Mwalimu ni mzee, ni Baniani, watampiga vibao wataona aibu watamwachia. Wewe una ndevu nyeusi. Watasema ulikimbia wakakupiga risasi, na gazeti litaandika hivyo hivyo."

"Hajanitaja, Tejo."

"Basi! Si ndiyo anachotaka? Anataka ukae nyumbani!"

"Asubuhi nzima hajanitaja."

Tej Kaur akachukua viatu vyake kutoka mlangoni, akavikumbatia kifuani, akaketi chini navyo. Hakupiga kelele. Alitikisa kichwa tu, hapana, hapana, hapana. Bachittar alimtazama na roho ikamuuma. Sehemu kubwa ya moyo wake ilikuwa ikimwomba mkewe asiviachie vile viatu. Lakini kila alipofumba macho alimwona Mwalimu na mdomo wake uliofungwa. Akavaa kandambili za kazini. Hakunawa mikono.

Alipita sokoni mchana kweupe. Muuza chai wa kona, aliyezoea kumwita kutoka mbali, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Wapi, ndugu?"

"Kituoni."

Muuza chai akageuka, akaanza kufuta glasi iliyokwisha kufutwa.

Mkuu wa kituo aliitwa Virk, Sardar kama sisi, mtu wa sauti nyororo. Alikuwa akimenya chungwa. Mwalimu alikuwa chini, mgongo ukutani, hana miwani, shavu moja limepanda hadi jicho halionekani. Alipomwona Bachittar akaanza kutikisa kichwa vile vile alivyotikisa Tej Kaur.

"Nani kakuita?" Virk akauliza.

"Hakuna, Afande. Kitambaa kile nimekitia rangi mimi." Akainyoosha mikono. Kijani ilikuwa bado kwenye kucha. "Mzee hana kosa."

"Loo. Huyu tangu asubuhi ananiapia hana mwenzake, na wewe unajileta na mikono yako. Kaa, ndugu yangu, kaa." Hilo neno ndugu lilimtisha Bachittar kuliko bunduki zilizokuwa ukutani. "Haya niambie. Bendera ya nini?"

"Ya lugha, Afande."

"Lugha ya nchi gani?"

"Haina nchi."

"Ya dini gani?"

"Haina dini."

"Wanaoizungumza ni kina nani?"

"Watu walioamua tu, Afande. Wachache wachache, kila mahali."

"Na hapa?"

"Mimi na yeye."

Virk akacheka kwa furaha kabisa, akawatazama askari wake. "Mmesikia? Lugha ya watu wawili, ya siri, na bendera ya kijani yenye nyota. Mimi ningekuwa jasusi wa Pakistani ningekuja na uongo uliopikwa vizuri zaidi." Akala kipande cha chungwa. Kisha akaacha kucheka. "Tuipime. Nitamnong'oneza mzee maneno ya Kipunjabi. Yeye akwambie kwa hicho Ki-nini chenu. Wewe unirudishie kwa Kipunjabi. Yakifanana, ni lugha. Yasipofanana mmenichezea, na leo nimechoka kuchezewa."

Akamwinamia Mwalimu, akamnong'oneza. Bachittar aliona uso wa Mwalimu ukibadilika, ule upande ambao bado ulikuwa uso.

"Sema, mzee."

Mwalimu akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Lugha aliyoijua tangu ujanani, aliyotuchosha nayo miaka nenda rudi, ilikuwa imemkimbia yote, na kilichotoka ni sauti ndogo ya mtoto: "Ee mama. Ee mama yangu."

"Hicho nakielewa," Virk akasema. "Hicho ni Kipunjabi."

Askari wakaangua kicheko. Bachittar akaona kwamba watakufa. Si kwa kosa, ila kwa sababu mzee ameogopa. Akasema neno kwa Kiesperanto, taratibu, akionyesha kwa kidole.

"Unamwambia nini?" Virk akafoka.

"Namuuliza hiki ni nini, Afande. Ni somo la kwanza. Amenifundisha mwenyewe."

"Na yeye?"

Mwalimu alikuwa akikitazama kidole, akakifuata, akaiona meza. Midomo ikatembea. Meza, akasema kwa Kiesperanto. Hii ni meza. Bachittar akaonyesha dirisha. Hilo ni dirisha. Ndege yuko wapi? Ndege yuko juu ya mti. Yalikuwa maneno ya watoto, watu wazima wawili wakiambizana kwenye chumba kile chenye harufu ya mkojo na chungwa, na kwa kila neno pumzi ya Mwalimu ikishuka kidogo. Kisha bila kuambiwa akayatoa aliyonong'onezwa. Aliyasema kama anavyosoma imla, neno baada ya neno, kila mkia mahali pake.

Bachittar akaelewa yote. Na jambo la ajabu, hayakumuuma. Kesho, mke, kutafuta, mwili, mfereji. Yalikuwa maneno safi, kama ya kitabuni, ya mtu mwingine wa mbali asiye na jina. Moyo wake hata ulifurahi kwamba Mwalimu hakukosea.

"Haya," Virk akasema. "Kipunjabi."

Hapo ndipo hofu ilipomfikia. Maana kwa Kipunjabi mfereji haukuwa mfereji wowote, ulikuwa ule wa nyuma ya kiwanda cha sukari, ambako baba yake alimfundisha kuogelea na ambako miezi hii wakulima walikuwa wakifungua malango ya maji huku wamegeuza nyuso. Mke alikuwa Tejo, ameketi chini na viatu kifuani. Na mwili ulikuwa huu aliokuwa nao. Akashika ukingo wa kiti.

"Kesho," akasema, "mkeo atapita kando ya mfereji, akiutafuta mwili wako."

Mkojo ukamtoka, ukamwagika kwenye kandambili. Nalisema hili bila kumvunjia heshima, kwa sababu mwenyewe alinihadithia bila kuficha.

Virk aliacha kumenya. "Neno kwa neno," akasema. Hakuamini, akamnong'oneza Bachittar safari hii, Bachittar akamwambia Mwalimu kwa lugha yao, na Mwalimu, amefumba macho, akasema kwa Kipunjabi: "Leteni chai, vikombe vitatu, na sukari msiibanie."

Chai ikaletwa kweli. Wakainywa. Bachittar anasema ilikuwa chai nzuri, na kwamba tangu siku ile hajaweza kunywa yenye sukari nyingi.

Mkuu akaamuru Mwalimu apelekwe stendi kwa gari la kituo, apandishwe basi la Karnal, arudishiwe sanduku na miwani. Bendera ilibaki. Pale mlangoni Mwalimu alitaka kusema kitu, na Bachittar akaogopa atakisema kwa ile lugha mbele ya askari, akamkanya kwa macho. Mwalimu akamwekea mkono juu ya kilemba. "Uishi, mwanangu," akamwambia, kwa Kipunjabi cha shamba, kile kizito ambacho hakuna mtu mjini aliyewahi kumsikia akikitumia. Kisha akapanda gari.

Bachittar akaanza kuteremka ngazi.

"Wewe ngoja," Virk akaita.

Akarudi.

"Hawa vijana walioko kwenye mashamba ya miwa wana redio kama zetu. Kila tunachoambizana wanakisikia. Nikituma watu mashariki, wao wameshahamia magharibi. Kipunjabi wanakijua, Kihindi wanakijua, na Kiingereza wana watoto wa chuo." Akafuta vidole kwa leso. "Hiki chenu je? Kuna mtu mwingine wilayani anakijua?"

"Hakuna, Afande. Lakini mimi ni mtia rangi tu, si mwal—"

"Nimekuuliza wewe ni nani? Kesho asubuhi uje ufundishe watu wangu. Na kila asubuhi. Yale niliyomnong'oneza mzee sijayafuta, ndugu yangu."

Tej Kaur alipomwona akiingia alimshika uso, mabega, mikono, kama anayehesabu kama vyote vimerudi. Alilia, akacheka, akamkemea, akamletea maji. Ndipo Bachittar akamweleza lililobaki. Mkono wa Tej Kaur ukasimama na birika hewani.

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi."

"Mlango wa kituo uko barabarani, Bachittara. Watu wote watakuona unaingia. Wale wengine nao wana macho. Yule muuza maziwa alionekana akinywa chai mle ndani mara moja tu, mara moja! Walimfuata mpaka kizingitini kwake, watoto wanatazama. Walisema mtoa habari."

"Najua."

"Basi tuhame. Leo hii."

"Nikihama, watakwenda kumtafuta Mwalimu huko Karnal. Ameshawaambia anakokwenda."

Tej Kaur akaliweka birika chini. Alikwenda kufunga mlango wa mbele, akaweka komeo, akasimama ameegemea mlango kwa mgongo.

Habari za mji wetu hazihitaji redio. Asubuhi iliyofuata mzee Naranjan alihamisha kamba yake ya kuanikia, iliyokuwa imefungwa kwenye nguzo ya Bachittar tangu enzi za baba zao. Bwana harusi wa kilemba chekundu akamtuma mtu kukichukua, kikiwa bado kibichi. Bachittar alipopita sokoni, watu waliangalia mizani, waliangalia viatu, waliangalia angani. Hakuna aliyemtukana. Nyuma yake alisikia pikipiki ikija polepole, na mgongo wake wote ukawa unasubiri. Pikipiki ikampita. Alikuwa mtu wa posta.

Askari watano walikuwa wamewekewa mabenchi kwenye ua wa kituo, bunduki zimelazwa magotini. Vijana wadogo, watoto wa wakulima kama wale walioko kwenye miwa, mmoja hata ndevu zilikuwa hazijamjaa. Virk alikaa pembeni kwenye kiti cha kamba, kikombe mkononi. Bachittar alisimama mbele yao. Hakuwahi kufundisha mtu chochote, hivyo alianza kama alivyoanzishwa yeye. Akaonyesha benchi, akalitaja. Akaonyesha mti. Akasema, ndege yuko juu ya mti, na vijana wakarudia kwa pamoja, mmoja akacheka, na kwa muda mfupi sana Bachittar akasahau yuko wapi. Akaongeza, ndege anaimba.

"Acha ndege," Virk akasema. "Ndege wa nini? Wafundishe kitu cha kazi. Waambie: Nani alikuwa na wewe?"

Maneno hayo matatu manne Bachittar aliyajua, moja moja, tangu zamani. Kuyaunga kwa namna ile, kwa sauti ile, hakuwahi kuyasikia kwa Mwalimu, wala kuyaona kitabuni, wala kuyafikiria. Kwenye chumba cha nyuma, kile kisicho na dirisha, kulikuwa na mtu. Hakuonekana, na Bachittar hakuthubutu kuangalia upande ule, lakini alimsikia akilia kwa Kipunjabi, akimwita mama yake.

"Tunakusubiri, Mwalimu," Virk akasema.

"Kiu estis kun vi," Bachittar akasema.

Vijana wakarudia. Virk akainua kidole, wakarudia kwa sauti kubwa zaidi, wote watano, mpaka kunguru wakaruka kutoka juu ya bati. Yule asiye na ndevu nyingi alikuwa akikosea neno la mwisho. Alijitahidi, uso umemwiva, akakosea tena, na Virk alikuwa ameanza kumtazama kwa jicho ambalo Bachittar alilijua.

Bachittar akamsogelea yule kijana, akainama mbele yake.

"Siyo hivyo," akamwambia kwa upole. "Polepole. Angalia mdomo wangu. Tena."